Tope la Kilwa na barafu ya Antaktika: vijidudu vya baharini vinajuaje mambo ya huko?

Mwana_Pande
Wakuu habari za mida. Hili jambo limenikaa kichwani wiki nzima, naomba nilitue hapa.

Mwaka 2004 au 2005 hivi, mi nikiwa darasa la tano, walikuja watu kuchimba kwetu Pande, njia ya Stakishari, Kilwa. Wazungu na Watanzania wenzetu. Walikuwa na mtambo mdogo tu, sio ile mikubwa ya gesi, unatoa bomba jembamba limejaa tope. Na tope lenyewe sio jekundu kama la shambani, lilikuwa kijivu lenye ukijani kwa mbali, limekaza kama sabuni ya mche, wakilikata kwa kisu pale kisu kilipopita panang'aa. Wanalipanga kwenye trei ndefu wanaandika namba. Sisi watoto tulishinda pale mpaka jua linazama. Wazee wengine wakasema wanatafuta rupia za Mjerumani, wengine dhahabu, wengine gesi. Wakafukia shimo wakaondoka.

Sasa juzi kwenye basi, Nangurukuru mpaka Lindi, nimekaa na kijana anasoma jiolojia, ananiambia tope lile ndio limesaidia watu kujua barafu ya Antaktika ilianza lini na kwa nini. Antaktika! Ncha ya kusini ya dunia! Eti humo ndani ya tope kuna vijidudu vya baharini na vinasema bahari ilikuwaje. Na mpaka leo kwenye bahari za barafu wakitaka kujua maji yanabadilikaje wanaangalia na vijidudu.

Nikashuka Lindi sijamuuliza lile la maana. Kijidudu kilichoishi hapa Kilwa kwenye joto kinajuaje habari za barafu ya huko? Mwenye kujua aje anifungue.

Ndanda_Kwetu
Nimekaa paleee nasubiri wajuvi.

Mpiga_Bomba
Mi nasema kilichonitoka moyoni, ile ilikuwa gesi. Songo Songo gesi ilionekana 1974, Mnazi Bay 1982, kwa hiyo huku chini kuna nini kila mtu anajua. Hawezi mtu kutoka kwao na mtambo na magari aje achimbe tope kwa ajili ya vijidudu. Bomba limeshafika Dar tangu 2015 na sisi huku bado tunahangaika na salfa ya mikorosho. Mnisamehe ila habari za vijidudu hazijaniingia.

Ticha_Nachingwea
Mwana_Pande asante kwa uzi, umenigusa kwenye somo langu. Ngoja nijaribu kwa lugha ya nyumbani.

Ule mradi upo na unajulikana, uliongozwa na Mwingereza Paul Pearson na wenzake wakishirikiana na TPDC, shirika letu la mafuta na gesi, walichimba mashimo mafupi mengi kati ya Kilwa na Lindi miaka hiyo ya 2000. Vijidudu vyenyewe vinaitwa foraminifera. Vidogo kama chembe ya mchanga mwembamba, kila kimoja kinajijengea gamba la chokaa, kikifa gamba linazama. Sehemu nyingi duniani magamba hayo yakikaa mamilioni ya miaka yanageuka, chokaa inajijenga upya, yanakuwa meupe kama chaki. Ya Kilwa hapana. Tope letu ni mfinyanzi, haupitishi maji, kwa hiyo magamba yamekaa humo yanang'aa kama kioo mpaka leo. Ndio maana walikuja huku.

Sasa swali lako la barafu. Umeshaona mama anapepeta mpunga? Makapi mepesi yanapeperuka, mchele mzito unabaki kwenye ungo. Bahari nayo inapepetwa na jua. Oksijeni iliyo ndani ya maji ipo nyepesi na ipo nzito kidogo. Maji yenye oksijeni nyepesi yanapaa kwa urahisi zaidi, yanakuwa mawingu, yanaanguka theluji huko nchani. Theluji ikiyeyuka inarudi baharini, mizani inakaa sawa. Lakini ikigeuka barafu ikakaa nchi kavu haishuki, ile nyepesi inafungiwa huko na bahari yote duniani inabaki na nzito nyingi. Na bahari ni moja, maji ya Kilwa na ya Antaktika yanachanganyikana. Kijidudu cha Kilwa kikijenga gamba kinachota hayo hayo maji. Kwa hiyo barafu ikikua kule, gamba la huku linakuwa na oksijeni nzito zaidi.

Kwenye hilo tope wakaona badiliko hilo miaka kama milioni 34 iliyopita. Wakati huo huo jamii moja ya vijidudu vyenye miiba, Hantkenina, inapotea moja kwa moja. Unapanda na tope ipo, ipo, ipo, halafu basi.

Mwana_Pande
Ticha!! Kupepeta! Nimeelewa mpaka nimemwita mama watoto nikamsomea.

Mtafiti_wa_Pwani
Ticha heshima yako, umeeleza vizuri ila naomba niongeze chumvi kidogo kabla watu hawajaondoka na nusu habari.

Oksijeni nzito kwenye gamba inaletwa na vitu viwili sio kimoja. Barafu ikikua, kama ulivyosema. Lakini pia maji yakipoa tu, bila barafu kuongezeka hata ndoo moja, gamba linachukua nzito zaidi. Kwa hiyo ukipima gamba unasikia sauti mbili zinaongea kwa pamoja na hujui ya nani ni ipi. Ndio maana wanapima pia madini ya magnesi kwenye gamba hilo hilo, maana magnesi inafuata joto la maji, sio barafu. Ukishajua joto unaliondoa kwenye hesabu, kinachobaki ni barafu. Hilo nalo lilifanyika kwa magamba ya Tanzania. Halafu 2009 wakapima boroni kwenye magamba ya huko huko wakakadiria hewa ya kaboni dioksaidi ya angani wakati barafu inaanza, ikaja kama sehemu 760 kwa milioni. Leo tumeshapita 420 na inapanda.

Na sio wadudu jamani, wala sio bakteria. Foraminifera ni kiumbe cha seli moja.

Mpiga_Bomba nawe usijione umekosea kabisa. Magamba haya haya ndio wachimba gesi wanayatumia kujua wamefika tabaka la umri gani. Na TPDC ilikuwemo. Elimu moja inatumika pande mbili.

Mpiga_Bomba
Hapo sasa umenijibu kiume. Kwamba anayesoma barafu na anayetafuta gesi wote wanasoma kitabu kimoja. Hilo nalipokea. Ila la kwamba sisi tunabaki na nini silifuti.

Nahodha_Msimbati
Salaam aleikum vijana wangu. Mimi miaka arobaini majini, sasa nimepumzika, mjukuu ndiye ananisomea na kuniandikia.

Kusoma maji kwa kuangalia kilichomo sisi tumelelewa nako. Maji yakibadilika rangi, harufu, uzito wake kwenye kafi, unajua leo dagaa wapo au hawapo. Usiku wa giza msimu wa kaskazi unapiga kafi bahari inawaka, kafi linatoka na moto wa kijani, na samaki akikimbia unauona mstari wake. Ikiwaka sana nyavu haipati, samaki anaiona. Babu yangu alisema ni mashetani wanafua nguo. Shuleni mjukuu kaambiwa ni vijidudu. Sawa.

Lakini nina neno. Rovuma ikifurika tunaona matete na magogo yanakuja mpaka Msimbati, mengine yanavuka yanakwenda kaskazini na mkondo. Mtu wa Kilwa akiokota tete pwani kwake akasema hapa palikuwa na mto, atakuwa amekosea. Tete limetembea. Hivyo vijidudu vyenu si vinaelea? Vinachukuliwa na mkondo. Mtajuaje kwamba kinachosemwa ni cha hapo kilipookotwa?

Ticha_Nachingwea
Shikamoo mzee. Hilo swali lako limeshawahi kumfanya mtu aingie baharini na meli.

Kuna Mnorwe anaitwa Nansen. Mabaki ya meli iliyozama kaskazini mwa Siberia 1881, Jeannette, yaliokotwa Greenland 1884, upande wa pili kabisa wa bahari ya barafu. Nansen akasema basi kuna mkondo unapita katikati. Watu wakambishia. Moja ya ushahidi wake ilikuwa diatomu, vile vijimea vya seli moja vyenye gamba la silika, maana zilizokutwa kwenye barafu pwani ya Greenland zilikuwa za aina ile ile ya kule karibu na mlango wa Bering, kati ya Urusi na Alaska. Kwa hiyo kijidudu kilitembea kweli mzee, na kutembea kwake ndio kukawa habari yenyewe. Nansen akajenga meli, Fram, akaiacha igande kwenye barafu kusudi ichukuliwe na mkondo, 1893 mpaka 1896. Ikachukuliwa.

Nahodha_Msimbati
Kuacha chombo kigande kusudi, miaka mitatu. Huyo alikuwa na moyo. Nimekubali kwamba tete linaweza kueleza mkondo. Lakini swali langu mmelizunguka. Anayetaka kujua hali ya maji ya mahali, tete la mgeni litampoteza.

Mtafiti_wa_Pwani
Mzee hajakosea na mpaka leo watu wanabishana juu ya hilo. Barafu inayeyuka mbali na ilikogandia, inabwaga vijidudu vyake hapo. Ukivuta tope la chini unakuta wenyeji na wageni wamelala kitanda kimoja. Wanachofanya ni kutotegemea shahidi mmoja. Kwenye bahari ya kusini kuna diatomu Fragilariopsis curta ambayo ukiikuta nyingi unajua barafu ilikuwa karibu, na ndugu yake kerguelensis ambayo ni ya maji wazi. Unaangalia ipi imeizidi nyenzake, tope baada ya tope.

Binti_Naumbu
Habari zenu kaka zangu na mzee shikamoo. Mi mkulima wa mwani, naomba niulize la kwetu kama haliharibu uzi.

Mwani wetu unaumwa, tunaita aisi-aisi. Unakwenda bamvua maji yametoka unakuta shina limekuwa jeupe, laini, ukishika linakatika mkononi, zilizobaki ni tai-tai, vile vikamba vya kufungia mbegu, zinaning'inia kwenye kamba hazina kitu. Aina ya kotonii ndio anakufa sana, aina ya spinosamu anavumilia. Sasa nilivyoona humu mnaongelea vijidudu vya barafu nikashtuka, na jina lenyewe aisi. Ni hivyo hivyo? Vimetoka huko vikaja kwetu?

Mtafiti_wa_Pwani
Dada hapana, ondoa hofu. Jina limetokana na ule weupe tu, shina linafanana na barafu. Ugonjwa wenyewe unaendana na joto. Mwani ukichoshwa na maji ya moto, au mvua kubwa ikapunguza chumvi ghafla, unalegea, halafu bakteria ambao siku zote walikuwepo hapo wanaupanda.

Ndanda_Kwetu
Kwa hiyo ni bakteria.

Mpiga_Bomba
Ni joto. Bakteria kaja kula mzoga. Hata mkorosho ukishachoka ndio ugonjwa unaushika vizuri.

Binti_Naumbu
Kaka joto peke yake hapana. Mwaka mmoja tuliumia mwezi wa mvua na maji yalikuwa ya baridi tu. Na shamba la jirani yangu hatua ishirini kutoka kwangu halikuguswa, mbegu yake alitoa kwingine. Mi nasema na mbegu imechoka, tunaikata hiyo hiyo miaka nenda rudi.

Mtafiti_wa_Pwani
Na la mbegu kuchoka lipo pia, wataalamu wanalisema. Hapo dada umegusa ugumu wenyewe, maana hata huko kwenye barafu ukiona vijidudu vimebadilika hujui mara moja kama ni joto, chumvi, chakula au ukoo.

Halafu ngoja nikupe moja utaipenda. Bahari ya Aktiki, kaskazini, kuna diatomu inaitwa Melosira arctica. Inashikamana inakuwa nyuzi ndefu, mita kwa mita, zinaning'inia chini ya barafu kama mwani wako kwenye kamba. Barafu ndio kamba yake. Mwaka 2012, mwaka ambao barafu ya Aktiki ilishuka kuliko miaka yote tangu satelaiti zianze kupima, kama kilomita za mraba milioni 3.4 mwezi Septemba, meli ya utafiti ya Wajerumani Polarstern ikateremsha kamera chini kabisa, kina cha kama mita 4,000. Wakakuta mafungu ya hiyo Melosira yamelala sakafuni, mabichi bado. Barafu iliyeyuka, kamba ikakatika, shamba lote likazama.

Binti_Naumbu
Ee Mungu wangu. Mi nimeyaona hayo mafungu, ya kwetu lakini, baada ya upepo wa kusi. Unakuta mwani umelala chini ya maji, unaujua kwamba ni wako kwa fundo la tai-tai.

Fundi_Simu_Lindi
Wadau mi kazi yangu kuchomea simu, nina hadubini ya ofisini, ile ya kuangalia saketi, inakuza mpaka mara 45. Hivyo vigamba naweza kuviona au mnaongelea vya mashine za Ulaya?

Ticha_Nachingwea
Unaviona! Diatomu hutaziona vizuri, ni ndogo mno, ila foraminifera nyingi zinafika robo milimita mpaka nusu. Loweka tope kwenye maji usiku kucha, kesho ulitikise, umwage kwenye kitambaa kigumu chenye matundu madogo sana, uoshe mpaka maji yatoke meupe. Kinachobaki kikaushe juani. Kisha weka chembe chache kwenye kitu cheusi uangalie. Wenyewe wanaziokota kwa brashi nyembamba ya rangi, wanailowesha ncha, chembe inanasa.

Mwana_Pande
Mkuu nina bonge la lile tope mpaka leo! Nilificha kwenye kopo la maziwa nikiwa mtoto, bibi alilitunza akijua ni dawa. Nakutumia kwa konda wa Lindi kesho asubuhi.

Ndanda_Kwetu
Miaka ishirini kopo la tope 😂 bibi apewe digrii.

Fundi_Simu_Lindi
Lete. Simu za wateja zitasubiri.

Ticha_Nachingwea
Ukiziona angalia zimejikunja upande gani, kushoto au kulia, kama konokono. Kuna moja ya bahari za barafu inaitwa Neogloboquadrina pachyderma, kwenye maji ya baridi kali inajikunja kushoto, maji yakipata joto inageuka kulia. Kwa miaka mingi watu wamesoma historia ya barafu kwa kuhesabu tu kushoto ngapi kulia ngapi.

Dada_Mikindani
Ticha samahani, na mimi nilisoma haya chuo. Hilo la kugeuka liliaminika zamani. Walipokuja kusoma vinasaba, kwenye 2006 hivi, ikaonekana wa kushoto na wa kulia ni spishi mbili tofauti, wa kulia akapewa jina lake, incompta. Kwa hiyo hakuna aliyegeuka. Mmoja anaondoka, mwingine anaingia.

Ticha_Nachingwea
Dada nakushukuru sana, nimekuwa nikifundisha hivyo tangu niajiriwe. Jumatatu narudi darasani kurekebisha.

Nahodha_Msimbati
Lakini hesabu si inabaki ile ile? Mwenye baridi yupo au hayupo. Awe kageuka awe kahama.

Dada_Mikindani
Mzee hesabu kweli inabaki, ila maana inabadilika kidogo. Anayegeuka angegeuka palepale. Anayehama inabidi afike, na kufika kunategemea mkondo. Tunarudi kwenye tete lako.

Fundi_Simu_Lindi
Naomba kuuliza, hao wenye magamba sawa. Bakteria hana gamba, sasa huyo wa baridi wanamjuaje?

Mtafiti_wa_Pwani
Wanachuja maji kama unavyochuja tui, ila kitambaa chake kina matundu ya sehemu ya elfu ya milimita na pungufu. Kinachonasa wanakitoa DNA yake wanasoma herufi, kila ukoo una mwandiko wake. Matone ishirini ya maji ya bahari yana bakteria laki kadhaa mpaka milioni, kwa hiyo hukosi. Ile Polarstern tena, Oktoba 2019 iliachwa igande kwenye barafu ya Aktiki karibu mwaka mzima, kama Fram ya Nansen, na wakawa wanachota maji na barafu hata miezi ambayo jua halichomozi. Maana zamani vipimo vingi vilikuwa vya kiangazi tu, na mtu ukimpima akiwa ameshiba hujamjua.

Kuna mmoja anaitwa Oleispira antarctica, kapatikana pwani ya Antaktika, chakula chake ni mafuta ya petroli. Maji yakiwa safi yupo mmoja mmoja humuoni. Mafuta yakimwagika anazaliana kwa kasi hata kwenye baridi ile. Ukimkuta mwingi, kuna kitu kimemwagika au kinavuja.

Mpiga_Bomba
Hiyo ndio nataka kwetu. Meli zinaingia bandari ya Mtwara, visima vya gesi vipo, wavuvi wakilalamika wanaambiwa leteni ushahidi. Kama kuna kiumbe ndani ya maji anashuhudia mwenyewe basi tufundishwe kumuita.

Dada_Mikindani
Ila Mpiga_Bomba bakteria wala mafuta anashuhudia mafuta, hasemi ya nani. Na kuna sehemu mafuta yanavuja yenyewe kutoka chini, tangu enzi. Nakubaliana na wewe tupimiwe, nasema tu tusimbebeshe mzigo ambao hauwezi.

Niongeze la Aktiki maana ndio linaninyima usingizi. Wakanada walichapisha 2009, kwenye maji ya kaskazini mwa Kanada vijimea vidogo kabisa vinaongezeka na vikubwa vinapungua. Barafu ikiyeyuka maji baridi yasiyo na chumvi yanatanda juu kama mafuta kwenye mchuzi, chakula kilichoko chini hakipandi, mkubwa anakosa, mdogo anaridhika na makombo. Na anayekula wakubwa, kuanzia uduvi mpaka samaki mpaka nyangumi, anakaa na njaa. Kwa hiyo kabla nyangumi hajakonda, kijidudu kimeshasema.

Mtafiti_wa_Pwani
Hiyo ya maji kutanda ndio inayosemwa zaidi. Wengine wanaweka joto mbele, wengine wanasema ni maji ya Atlantiki yanaingia na wenyeji wake, maana Emiliania huxleyi, kijimea cha seli moja ambaye zamani alikuwa wa kusini zaidi, siku hizi anaonekana bahari ya Barents, kaskazini mwa Norwe na Urusi, anageuza maji rangi ya maziwa mpaka satelaiti inaona. Na wengine wanasema tuangalie virusi vinavyoua wale wakubwa. Mi nipo na maji kutanda ila siapi.

Nahodha_Msimbati
Na ikiwa hakuna kitu? Mmekuta tope halina kijidudu cha barafu. Mtasema hapakuwa na barafu?

Dada_Mikindani
Mzee wewe ungekuwa profesa. Kuna kemikali inaitwa IP25, imeelezwa 2007, inatengenezwa na diatomu chache zinazoishi ndani ya barafu ya bahari. Ukiikuta kwenye tope la Aktiki, barafu ya msimu ilikuwepo. Usipoikuta, maana ni mbili zinazopingana. Labda hapakuwa na barafu kabisa. Au barafu ilikuwa nene mwaka mzima, jua halipiti, hata diatomu hazikuweza kuishi. Inabidi utafute alama za vijimea vya maji wazi ndio uamue.

Nahodha_Msimbati
Kama bahari iliyotulia. Ama hakuna upepo, ama upepo unajikusanya.

Ndanda_Kwetu
Mi linaloniuma ni moja. Mijusi mikubwa ya kale ya Tendaguru, dinosaria, ilichimbwa hapa Lindi 1909 mpaka 1913, babu zetu wakabeba mifupa kichwani mpaka bandarini, leo yule mkubwa amesimama Berlin. Sasa tope nalo. Sisemi wameiba, wamefanya kazi nzuri. Lakini mtoto wa Kilwa anafika kidato cha nne anachora barafu ya Antaktika kwenye daftari na hajui kwamba ushahidi uko chini ya shamba la ming'oko la bibi yake.

Mwana_Pande
Umesema kweli ndugu yangu. Mimi ni huyo mtoto.

Ticha_Nachingwea
Ndanda, nimechukua hilo. Nachingwea ni mbali na pwani ila naomba kipande cha tope kikibaki, nikioshee mbele ya darasa.

Fundi_Simu_Lindi
Wadau kopo lilifika jana saa nne asubuhi. Nusu nimeifungia ya Ticha. Nusu nyingine, sehemu nililoweka jana hiyo hiyo, sehemu leo, maana lile bonge la nje lilikuwa limekauka kama jiwe na lilikataa kulainika mpaka nilivyoweka maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kidogo. Nimechuja kwa kipande cha leso ya hariri ya mke wangu, ameridhia.

Jamani. Nimeweka chembe juu ya kioo cheusi cha simu iliyokufa, nikawasha taa ya pembeni. Nilitegemea mchanga. Nimekuta vitu kama bisi! Vimipira vimeshikana vitatu, vinne, kimoja kikubwa na vingine vinapungua kwa kujizungusha, na taa inapenya ndani yake, unauona ukuta wa upande wa pili. Kina kitundu kama mdomo. Kimoja kina mwiba umevunjika. Nimemwita jirani wa duka la dawa akaangalia, akakaa kimya kitambo, akaniuliza vina miaka mingapi, nikamwambia milioni thelathini na kitu, akarudi kuangalia tena.

Picha natupia nikipata adapta ya kamera.

Mwana_Pande
Mkuu mi nimeshindwa kuandika. Kopo la bibi.

Binti_Naumbu
Kaka Fundi na mimi nakuletea chupa ya maji ya shambani kwangu na kipande cha mwani mweupe na kizima, uangalie vinavyokaa juu yake. Kila bamvua nikuletee, tuone kama kuna kinachoongezeka kabla haujaanza kuumwa.

Mtafiti_wa_Pwani
Dada fanya hivyo na uandike tarehe, na joto la maji kama una kipimajoto, na kama mvua ilinyesha. Hata chupa ya siku ambayo hakuna ugonjwa, hiyo ndio usikose kabisa. Bakteria Fundi hatawaona ila vinavyoota juu ya shina ataviona.

Dada_Mikindani
Fundi, hivyo vya tope vimejikunja upande gani?

Fundi_Simu_Lindi
Nahesabu, ila inategemea umekilaza upande upi, nimeanza upya mara mbili. Mpaka sasa 41 vinavyoeleweka. Kulia 23, kushoto 18. Umeme umekatika, naendelea ukirudi.